Ufundi wa Kuacha Pindo

Fundi cherehani anayeijua kazi yake huacha kitambaa cha ziada kwenye pindo la suruali, lakini haachi kila mahali. Mwandishi wa moduli za Terraform naye ni hivyo hivyo. Seva, mitandao na hifadhidata anaziandika kama maandishi, kisha anaamua ni wapi mwenzake ataruhusiwa kubadili: ukubwa wa mashine, eneo, idadi ya nakala. Huko anaweka kigeu na thamani chaguomsingi. Kwingine kote anafunga. Moduli yenye vigeu 80 si huru zaidi. Mwandishi wake amekwepa kuamua, basi.

Kinachonipendeza ni utaratibu wa nani anamshinda nani. Thamani chaguomsingi ndiyo mnyonge wa wote. Inashindwa na kigeu cha mazingira kinachoanza na TF_VAR_, hicho kinashindwa na faili ya terraform.tfvars, nayo inashindwa na zile zinazoishia na .auto.tfvars. Juu ya zote kuna machaguo ya -var na -var-file, yanayoandikwa kwenye amri yenyewe. Na utaratibu huo ni mfupi: nyaraka za Ansible, zana nyingine ya kusimamia seva, zinataja ngazi 22.

Faili za .auto.tfvars husomwa kwa mpangilio wa herufi, wala si wa hesabu. Kwa hiyo 10.auto.tfvars hutangulia 9.auto.tfvars, na ya tisa, kwa kuja nyuma, ndiyo inayoshinda. Fundi aliyekomaa huandika 09, na hakuna anayemshukuru. Anajua pia kuwa lebo zikikusanywa kwenye kigeu kimoja, thamani mpya haiungani na ile ya zamani; inaifuta yote. Ukitaka kubadili lebo ya mmiliki ukaandika hiyo peke yake, lebo ya mradi nayo imekwenda. Ndiyo maana ndani ya moduli hutumia merge, kitendaji cha kuunganisha, ili nyongeza iwe nyongeza kweli.

Kuna jambo moja ambalo mimi huliona kama kasoro ya utaratibu wenyewe: mkono wenye nguvu kuliko yote ndio usioacha maandishi. Aliyetumia -var usiku ameshinda kila faili, na asubuhi hazina ya Git haina habari naye. Fundi ninayemsifu ana nguvu hiyo na haitumii ovyo. Anaandika prod.tfvars, wenzake wanaipitia, ndipo inatumika.

Halafu anasoma plan, yaani orodha ya mabadiliko ambayo Terraform inakusudia kufanya, mstari kwa mstari. Kubadili ukubwa wa mashine, t3.micro kuwa t3.large, kunaonyeshwa kwa ~, seva ileile inarekebishwa. Kubadili ami (picha ya mfumo ambayo mashine inaanzishwa nayo), neno moja tu kwenye faili ileile, kunaleta -/+: mashine inavunjwa, nyingine inajengwa. Anapoendesha apply, Terraform inauliza kama iendelee, na haikubali jibu lolote ila yes kamili. Akishaiona -/+, anaanza kwanza kuuliza data ya mashine ile imehifadhiwa wapi.