Walichukua Mji, Jibu Wakabaki Nalo

Turudi kwenye ile ndege. Mpelelezi Sarah Linden amekwishaketi, mwanawe Jack yuko kando yake, Seattle na mvua yake vinaachwa nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu episodi ya 1 mabega ya mama huyu yameshuka. Simu inalia. Mtu wa upande wa pili anamweleza kwamba picha anayoiulizia haiwezi kuwepo, maana kamera za darajani zilikuwa hazifanyi kazi. Yaani picha iliyomtia pingu mwanasiasa Darren Richmond, ile aliyoileta mpelelezi mwenzake, Holder, kwa mkono wake mwenyewe, haikupigwa na kamera yoyote. Kisha Holder huyo huyo anaingia kwenye gari la mtu tusiyeonyeshwa, anamwambia picha imefanya kazi. Kisha Belko, rafiki wa familia iliyofiwa, bastola mkononi, mbele ya Richmond. Giza. Majina ya waigizaji.

Hapo ndipo The Killing ilipokufa, tarehe 19 Juni 2011. Baadaye iliendelea kupumua kwa sizoni tatu, lakini ule ulikuwa uhai wa mgonjwa anayelishwa kwa mpira.

Mimi niliitazama kwenye CD. Ilipofika giza nilidhani diski ina mikwaruzo. Nikaitoa, nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Giza lile lile. Jumamosi nikaibeba hadi Kariakoo kwa muuzaji wangu, nikamwambia kanipa mzigo pungufu, kuna episodi ya 14 ameimeza. Akacheka hadi akashika meza. “Kaka, wewe ni wa nne leo. Ndiyo mwisho huo. Njoo mwakani.”

Njoo mwakani! Sisi tuliokulia kwenye kitendawili na tega tunazijua sheria, wala hazikuandikwa na wanasheria. Ukishindwa, mtegaji anadai mji. Unampa Tanga, anaukataa. Unampa Zanzibar, anaukubali, anajisifu kidogo jinsi alivyofika huko akala akashiba, halafu anategua. Lazima ategue. Kule kupokea mji ndiko kunakomfunga. Sijapata kuona mtoto aliyepewa Zanzibar yote akasema jibu nitawaambia Krismasi. Bibi yangu angemtoa mkekani kwa sikio.

AMC, kituo kilichoirusha The Killing, walipokea mji. Tangazo lao lilikuwa na swali moja tu, nani alimuua Rosie Larsen, wakalibandika kwenye kila bango, nasi tukawapa wiki kwa wiki kuanzia tarehe 3 Aprili. Watazamaji takriban milioni 2.7 wa Marekani walikaa nao usiku wa kwanza. Siku chache kabla ya episodi ya 13 kituo kikatangaza kwamba sizoni ya 2 imepita. Mwenye masikio angeshtuka hapo hapo, lakini wengi wetu tulidhani sizoni ya 2 itakuja na maiti nyingine. Baada ya moto kuwaka, Veena Sud, mama wa tamthilia hii, akajitetea kwamba hakuna mahali alipoahidi jibu ndani ya sizoni moja. Huo ni utetezi wa mpangaji anayekwambia mkataba haukutaja kwamba kodi hulipwa.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na mwisho ulioachwa wazi. Ugomvi wangu ni wa ufundi, na uko kwenye picha ile.

Tazameni walivyoufikia mlango. Mwisho wa episodi ya 12 ni kazi safi: Linden yuko nyumbani kwa Richmond, anatuma barua pepe kwa mteja wa Beau Soleil, mtandao wa ukahaba, anayejiita Orpheus, na kompyuta ya mwenye nyumba inalia chumba cha pili. Hakuna muziki wa kutisha, hakuna kukimbizana. Mlio mmoja mdogo, na uso wa Mireille Enos. Kwa dakika ile tumeambiwa kitu ambacho sisi na Linden tumekisikia pamoja, kwa sikio moja. Huo ndio ushahidi wa hadithi ya upelelezi: mtazamaji anaupima kwa mizani ile ile anayotumia mpelelezi.

Picha ya darajani haina sifa hiyo hata moja. Inakuja mwishoni, ikitoka mfukoni mwa mtu, haikupandwa popote huko nyuma, na tunapewa dakika chache tu za kuiamini kabla hatujaambiwa ni ya uongo. Kumbe kazi yake si kutuongoza wala kutupoteza. Ni kujaza dakika. Kinyago kizuri cha upelelezi, yaani mshukiwa wa kupotezea watu, ukikivua unapata kitu chini yake: siri nyingine, aibu nyingine, tabia ya mtu. Ukiivua picha ile unapata ratiba ya kituo cha televisheni.

Na gharama yake ni Holder. Joel Kinnaman alikuwa amejenga, kwa lafudhi ile ya mtaani na vile visigara vyake, mtu ambaye hatukumwamini katika episodi ya 1 na ambaye kufikia ya 11, usiku ule wanapozunguka mji mzima kumtafuta Jack, tungempa funguo za nyumba. Episodi nzima haina upelelezi wa Rosie, watu wawili tu ndani ya gari, na ndiyo bora kuliko zote za sizoni ile. Kazi ya episodi kumi na moja ikauzwa kwa sentensi moja garini. Mbaya zaidi, mwaka uliofuata waliirudisha bidhaa dukani: sizoni ya 2 inafungua kwa kumsafisha, kumbe naye katumiwa tu na mkubwa wake wa zamani. Basi ule usaliti uliotutoa roho haukuwa usaliti. Walitukopa hasira, wakailipa kwa samahani.

Wazee wa kazi hii hawakufanya hivyo. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni na msaidizi wake Najum akihangaika pembeni, alilifumbua fumbo la maiti ya Bwana Ali ndani ya Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kimoja cha mwaka 1960. Mohammed Said Abdulla angeweza kutuuzia muuaji kwenye kitabu cha pili. Baada ya hapo aliandika vingi na tungenunua. Hakufanya hivyo. Kila fumbo jipya alilitafutia maiti yake. Najua wasomaji wa safu hii wamechoka kusikia jina la Bwana Msa, mhariri naye amechoka, lakini nitaacha kumtaja siku ambayo vijana wa kuandika miswada watakapoanza kumsoma.

Hata Wamarekani wenyewe walikuwa na adabu hii zamani. The Fugitive ilimkimbiza Dakta Kimble miaka minne, ikampata muuaji mwenye mkono mmoja tarehe 29 Agosti 1967, na usiku ule ukashika rekodi ya watazamaji nchini mwao hadi Dallas ilipoivunja mwaka 1980. Dallas nayo iliivunja kwa kufanya nini? Kwa kujibu swali.

Wapo walioutetea mwisho wa Rosie, na si wajinga. Rafiki yangu mmoja, ambaye tunabishana naye tangu enzi za kanda za VHS, anasema tamthilia hii haikuhusu muuaji hata siku moja, ilihusu msiba: Michelle Forbes, yaani Mitch mama yake Rosie, akiwa chini ya maji kwenye beseni la kuogea akijaribu kuonja kifo cha mwanawe, Brent Sexton, yaani baba yake Stan, akishindwa kuliuza jeneza la huzuni yake kwa mtu yeyote. Anasema polisi halisi hukaa na majalada miaka. Anasema sisi tuliozoeshwa steringi kushinda kila mara ndio wenye kasoro.

Kuhusu msiba namkubalia bila shaka. Uigizaji wa Forbes na Enos, kamera ya Patty Jenkins katika episodi ya 1, muziki wa Frans Bak, hayo ni mazuri na yasimame. Lakini mtetezi huyu analitetea jambo ambalo halikutokea. Kama kweli hoja ilikuwa kwamba majibu hayapatikani, tungeachwa na familia ya Larsen mezani, kiti kimoja kitupu, na Linden angepanda ndege akijua ameshindwa. Ningeilia hiyo, na ningeisifu. Tuliloonyeshwa ni bastola iliyoelekezwa kwa mtu na risasi isiyosikika. Hilo si fumbo la maisha. Hicho ni chambo.

Anayetaka kuona mwisho wazi wenye adabu aende kwa David Lynch. Twin Peaks haikupokea mji. Ilitualika tukae msituni. Lynch na Mark Frost hawakuwa na haraka ya kumtaja aliyemuua Laura Palmer, kituo cha ABC kikawasukuma, jibu likatoka Novemba 1990, na kila aliyetazama anajua jinsi hadithi ilivyoanza kuyumba baada ya hapo. Lynch alililalamikia shinikizo hilo hadi uzeeni. Aliporudi mwaka 2017 na sehemu 18, akaimaliza kwa mpelelezi Cooper amesimama barabarani akiuliza huu ni mwaka gani, na Laura akapiga ukelele. Sijauelewa mwisho ule hadi leo, na sijawahi kuudai nauli yangu. Tofauti ni kwamba Lynch alikuwa ameliacha swali la muuaji nyuma zamani, akauliza jingine kubwa kuliko yeye. Sud alikuwa na jibu kabatini akaukalia ufunguo.

(Kwa wanaopenda tarehe: episodi ya mwisho ya Twin Peaks ya zamani ilirushwa 10 Juni 1991, na giza la ghafla la The Sopranos 10 Juni 2007. Usiku ule wa pili nako watu walidhani king'amuzi kimeharibika. Sikuwa peke yangu na shati langu.)

Kinachouma ni kwamba mfano ulikuwepo mezani. Forbrydelsen ya Søren Sveistrup, mama mzazi wa The Killing, ilikuwa na episodi 20, kila moja siku moja, ikaonyeshwa Denmark mwaka 2007 kwa mafungu mawili ya kumi kumi. Kwa hiyo Wadenmaki nao walingoja miezi. Lakini walingoja katikati ya hadithi, wala si baada ya kuambiwa imekwisha, na Novemba mwaka huo huo mpelelezi wao Sarah Lund akamfikia muuaji Vagn, mtu wa nyumbani, na kila kilichopandwa kikavunwa. Wamarekani walizirefusha siku 20 zikawa 26, na urefu huo ulitoka wapi? Kwa mwalimu Bennet Ahmed, ndiko. Wiki baada ya wiki tulimshuku Mwislamu yule, Stan akampiga karibu ya kumuua, kisha ikaonekana alikuwa akimsaidia msichana kukwepa ndoa ya kulazimishwa. Episodi inafungwa kwa dalili mpya, ya pili inafunguka kwa kuipuliza ipotee. Nimeilalamikia hila hii kwenye tamthilia kumi nyingine.

Wakubwa wa AMC walikuja kukiri hadharani kwamba matarajio ya watazamaji hawakuyasimamia vizuri. Matarajio! Sizoni ya 2 ilifunguliwa na watazamaji takriban milioni 1.8, na Julai 2012 ikafutwa kabla ya kufufuliwa tena.

Na jibu lenyewe, lilipofika Juni 2012, lilikuwa zuri. Hili ndilo linalonikasirisha kuliko yote. Richmond alikuwa na utetezi tangu mwanzo: usiku wa mauaji alijirusha majini akitaka kufa, na mwanasiasa yule akaona heri kushtakiwa mauaji kuliko kulisema hilo. Jamie Wright, mshauri wa Richmond, alimpiga Rosie akamtia kwenye buti. Lakini aliyelisukuma gari ziwani ni Terry, mdogo wake Mitch, bila kujua ni nani aliyekuwa akipiga kelele mle ndani. Watafsiri wetu waliandika “shangazi”, na hapa nina ugomvi wangu wa siku nyingi nao: shangazi ni dada wa baba. Terry ni mama mdogo. Kiingereza hakiwezi hata kuliona neno hilo, Kiswahili kinalo, na wao wakalitupa.

Mimi sikuwepo lilipotajwa. Nilikuwa nimegoma. Nililipata mwaka mmoja baadaye, nikiwa nimekaa na sahani ya pilau harusini, mpwa wangu akinipita na flashi yake shingoni. “Mjomba, ile ya Rosie umemalizia? Ni mama yake mdogo, bwana.” Akaenda kutafuta soda.