Istilahi za Giaboksi: Majina Yapo, Vitenzi Viko Wapi?

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, kazi ya kusanifu istilahi imezoeleka kupimwa kwa wingi wa majina. Orodha ikijaa majina ya vitu, kazi huonekana imekwisha. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kipimo hicho hakitoshi. Mfano wetu ni kazi moja ya ufundi: kubadilisha giaboksi ya otomatiki iliyokufa katika lori dogo la zamani, pale mwenye lori anapoifanya kazi hiyo mwenyewe.

Mfano huu tumeuweka Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Mkoa wa Rukwa mwaka 2012. Mji huo uko mwisho wa reli ya tawi itokayo Kaliua, na ni zaidi ya kilometa 1,000 kutoka bandari ya Dar es Salaam, ambako magari na vipuri vilivyotumika hushushwa. Mtu mwenye pikapu ya kubebea mpunga kutoka Mpimbwe akishapata giaboksi nyingine iliyotumika, hawezi kuirudisha dukani kwa urahisi akiiharibu. Ikiwa maelekezo aliyonayo yamefasiriwa vibaya, hasara ni yake, si ya mfasiri.

Tuanze na majina. Wako wafasiri ambao, wakikutana na jina la Kiingereza la chombo hiki, huandika "usafirishaji" au "upitishaji". Hao wamefasiri neno wakasahau kitu. Gereji zote husema giaboksi, kama zisemavyo propela, stata, rejeta na klachi, na maneno hayo yamekwisha kuvaa sauti za Kiswahili. Hatuoni sababu ya kuyang'oa. Vivyo hivyo konvata, yaani chombo cha duara kijazwacho mafuta, ambacho katika gari la otomatiki hushika nafasi ya klachi kati ya injini na giaboksi. Fundi akisema konvata, mwenzake huelewa mara moja.

Hata hivyo, si kila neno la gereji lafaa kupokelewa bila kuhojiwa. Mafuta ya giaboksi ya otomatiki huitwa na wengi "haidroliki", na jina hilo hilo hupewa mafuta ya kuinulia bodi la tipa. Mafuta hayo si mamoja. Yale ya otomatiki hutiwa viungo vinavyoziwezesha sahani za klachi zilizo ndani ya giaboksi kushikana inavyopasa. Yakiwekwa mengine, sahani zaweza kuteleza na kuungua. Kwa upande mwingine, mwenye kuambiwa "tia oili ya gia" aweza kutia oili nzito ya giaboksi ya mkono, ambayo haipiti sawasawa katika vijia vyembamba vya otomatiki. Hapa yatupasa kusanifu kwa ukali: tunapendekeza "mafuta ya otomatiki" kwa hayo ya kwanza, "oili ya gia" kwa giaboksi ya mkono, na "haidroliki" ibaki kwa mitambo ya kuinulia.

Lakini upungufu mkubwa zaidi uko katika vitenzi. Tuchukue agizo kama hili, la namna inayoonekana mara kwa mara katika tafsiri: "Unganisha konvata na giaboksi, kisha kaza bolti." Kisarufi halina kosa, ila kwa mtu aliyelala chini ya gari ni agizo la hatari. Konvata haiunganishwi tu. Husukumwa ndani huku ikizungushwa kwa mkono, nayo huingia kwa hatua mpaka meno yake yashike pampu ya mafuta. Ikiwa haijafika mwisho, na mtu akazitumia bolti za giaboksi kuivutia kwenye injini, pampu huvunjika kabla gari halijawashwa.

Mafundi wanalo neno la jambo hili. Husema konvata "imekaa" au "haijakaa". Kitenzi hicho chepesi kinabeba agizo lote: kifaa kimefika mahali pake, wala hakikulazimishwa. Agizo lingepasa kusomeka hivi: "Zungusha konvata ukiisukuma mpaka ikae, usikaze bolti kabla haijakaa." Vilevile "safisha mabomba ya mafuta" halitoshi, kwa kuwa msomaji aweza kuyafuta kwa nje akaridhika. Yapasa "kusuuza", ili chembe za chuma za giaboksi iliyokufa zitoke katika mabomba na katika kipoza mafuta, zisije zikaingia katika ile mpya.

Vitenzi hivi haviingii katika orodha kwa sababu vinaonekana vya kawaida mno, na kwa sababu orodha zetu huanzia kwenye Kiingereza. Kamusi ya ufundi ya R. Ohly ya mwaka 1987 ilikuwa hatua kubwa, nasi twaiheshimu. Lakini, kama nyingi za aina yake, hutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, na humfaa kwanza aliyekwisha kulijua neno la Kiingereza. Mwenye pikapu wa Mpanda huingia kwa mlango mwingine: ana kitu mkononi, anatafuta la kukifanya.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba kila orodha ya istilahi za ufundi iwe na safu ya vitenzi, vikusanywe gereji na katika vyuo vya ufundi stadi, na kila kitenzi kiandikwe pamoja na sentensi yake. Kisha, kabla ya kupitishwa, apewe fundi asiyejua Kiingereza aisome orodha hiyo akiwa na kifaa mbele yake. Akisita penye neno, neno hilo lirudishwe kamatini.