Tembo wa Ndala

Kiatu chepesi cha mpira, chenye kamba inayopita katikati ya kidole gumba na cha pili, kina majina mengi katika Kiswahili: ndala, kandambili, malapa, champali, na Wakenya wengi hukiita patipati. Huenda hakuna vazi lililozoeleka kuliko hilo. Huvaliwa kwenda chooni na msikitini, sokoni na shambani, na kamba ikikatika hutiwa msumari au pini, safari ikaendelea. Nyayo zake siku hizi mara nyingi hutengenezwa kwa povu la plastiki liitwalo EVA, ambalo ndani yake mna vijishimo vingi vilivyojaa hewa. Hewa hiyo ndiyo inayoifanya ndala iwe laini mguuni, na ndiyo inayoifanya isizame. Iliyotupwa mtaroni huko bara husukumwa na mvua hadi mtoni, mto ukaifikisha baharini, na upepo wa kusi unapovuma mawimbi huitema ufukweni. Hurudi moja moja. Ni nadra bahari kurudisha jozi.

Sanaa ya kuchonga ndala hizo ilianzia kaskazini kabisa mwa pwani ya Kenya, katika hifadhi ya bahari ya Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia. Kasa hupanda kwenye fukwe za huko kutaga mayai, na takataka zilizorundikana mchangani humzuia mama kupanda na huwatatiza vifaranga wanapoteremka kwenda majini. Miaka ya mwisho ya 1990, Julie Church, mhifadhi wa bahari kutoka Kenya, aliwaona watoto wa Kiwayu, kisiwa kilicho ndani ya hifadhi hiyo, wakijitengenezea vichezeo kwa ndala walizookota. Kwa hakika watoto hao hawakuwa wamevumbua jambo geni. Watoto wengi wa Afrika Mashariki wamewahi kukata magurudumu ya vigari vyao kwenye malapa ya baba, na wavuvi hutoboa vipande vya ndala wakavifunga kwenye nyavu kuwa maboya. Kilichokuwa kipya ni wazo la kuuza. Wanawake wa kijiji walianza kuokota, kuosha na kuchonga, na kutokana na kazi hiyo ikaja kuzaliwa Ocean Sole, karakana iliyoko Nairobi ambayo wanyama wake wa rangirangi sasa huonekana madukani na katika majumba ya makumbusho ya nchi nyingi.

Kazi yenyewe huanza kwa maji na sabuni. Ndala iliyokaa baharini huja na mchanga, chumvi na makombe madogo yaliyoshika nyayoni, na gundi haishiki juu ya uchafu. Zikishaoshwa na kukauka huchambuliwa kwa rangi na unene, kisha hupakwa gundi na kubandikwa moja juu ya nyingine mpaka lipatikane tofali la matabaka: buluu, manjano, nyeusi, waridi, tena buluu. Sanamu ndogo hutoka katika tofali moja. Zile kubwa, kama twiga anayemzidi mtu kimo, hujengwa juu ya kiini cha povu jingine lililookolewa jalalani, nazo ndala zikawa ngozi.

Hapo ndipo ufundi unapodhihirika. Povu halichongwi kama mti. Kisu butu hulibonyeza tu, na mkono ukiondoka povu hurudi lilivyokuwa, likaacha jeraha lililopinda pale palipokusudiwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo kisu hutiwa makali kila baada ya muda mfupi, na huvutwa kwa mkato mrefu mmoja badala ya kusukumwa. Kisha kuna hesabu ya rangi. Matabaka yakikatwa kwa kunyooka hutoa mistari, lakini yakikatwa kwa mviringo hutoa duara ndani ya duara. Ubavu bapa wa tembo utakuwa na milia. Tumbo lake, likizungushwa vizuri, litakuwa na pete zinazopanuka kama maji yaliyotupiwa jiwe. Mchongaji lazima azione pete hizo kabla kisu hakijagusa tofali, kwa sababu aliyekata kupita kiasi hana la kurudisha, ila kubandika kiraka ambacho jicho litakigundua.

Ujuzi huo wa kuona umbo ndani ya pande una ukoo mrefu. Wachongaji kadhaa wa ndala walianza na mti, katika desturi ya Ukambani ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuanza na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza uchongaji kwa Wazaramo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Biashara ya vinyago ilipokua, miti migumu kama mpingo na mhugu ilikatwa kuliko ilivyoweza kuota tena. Fundi anayehama kutoka mpingo kwenda ndala hapotezi ustadi wake, na msitu unapata nafuu kidogo.

Zipo sanamu za ndala zilizosuguliwa kwa msasa hadi zikafanana na plastiki iliyotoka kiwandani. Hizo ni nzuri kwa rafu ya duka. Zilizo bora zaidi ni zile ambazo fundi ameacha tundu la kamba katikati ya shavu la simba, au kisigino kilicholika upande mmoja, alama ya mtu fulani aliyeelemea mguu wake miaka nenda rudi. Mtazamaji anapotambua kwamba mgongo wa kasa ulikuwa kiatu, sanamu hiyo imemweleza jambo ambalo bango la kukataza kutupa taka halina uwezo wa kulisema.

Moja ya kazi kubwa zaidi za aina hii ni chombo cha majini. Tarehe 15 Septemba 2018, huko Lamu, jahazi lililoitwa Flipflopi lilishushwa baharini likiwa limeundwa kwa takriban tani 10 za taka za plastiki na kufunikwa kwa ndala zipatazo 30,000. Aliyeongoza uundaji ni Ali Abdalla Skanda, fundi wa majahazi wa Lamu. Plastiki ilisagwa, ikayeyushwa na kufanywa mbao za kuundia, na hapo ujuzi wa vizazi ukakutana na kitu kisichofuata kanuni zake. Mti ukinywa maji huvimba, na kuvimba huko hubana viungo vya chombo. Plastiki hainywi maji. Mti huwa na nyuzi zinazoupa nguvu. Plastiki hutanuka kwa joto la jua na kulegea. Mwanzoni mwa 2019 jahazi hilo lilitweka tanga likasafiri kilomita 500 hivi hadi Unguja, na mwaka 2021 likaingizwa Ziwa Viktoria na kupita katika maji ya Kenya, Uganda na Tanzania.

Ingekuwa kosa kudai kwamba sanaa husafisha bahari. Kinachookotwa ni kidogo mbele ya kinachoingia, na hatua nzito zaidi zimechukuliwa kwa sheria: Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania bara Juni 2019. Ndala haimo katika marufuku hizo, wala si rahisi kuona ingewekwaje, kwani kwa watu wengi ndicho kiatu kilicho ndani ya uwezo wao. Tembo aliyechongwa kwa ndala, kwa upande mwingine, huuzwa kwa bei ambayo wavaa ndala hawaimudu, na wanunuzi wengi ni watalii. Lakini mshahara wa mchongaji na malipo ya muokotaji wa ufukweni hutoka katika bei hiyohiyo.

Sakafu ya karakana nayo ina habari zake. Vipande vinavyodondoka huchaguliwa kwa ukubwa: vinene huwa masikio na mikia, vidogo hutobolewa vikawa shanga au vishikio vya funguo, na vilivyosalia hufaa kujazia mito. Ni vumbi la msasa tu lisilo na kazi. Ni jepesi mno, huelea hewani kama ndala ilivyoelea majini, na fundi asiyefunika pua na mdomo hurudi nalo nyumbani kifuani.