Vumbi Magotini, Habari za Kileleni

Alasiri katika kambi ya Barafu mlimani Kilimanjaro, kusini mashariki mwa Kibo, mwongozaji mzoefu hashughulishwi sana na kilele. Anatazama suruali za watu. Waliofika Uhuru, kileleni kabisa, asubuhi ileile wanateremka wakiwa hoi, na kila mmoja amebeba habari za njia mwilini bila kujua. Suruali yenye vumbi la kijivu hadi magotini inaeleza kwamba changarawe ya juu ni kavu na imelegea. Viatu vilivyolowa chepechepe vinaeleza kwamba kuna theluji na imeanza kuyeyuka. Midomo iliyopasuka na macho mekundu, huo ni upepo. Kisha ndipo maswali yanapofuata, ya harakaharaka, kati ya watu wa kazi moja: theluji imeanzia wapi? Imeganda au inazama? Pale Stella, ukingoni mwa kreta, mlipita saa ngapi?

Habari hiyo ina umri wa saa chache tu, na hakuna kituo cha utabiri kinachoweza kuipata.

Ramani ya Kilimanjaro ndiyo inayoipa Barafu umuhimu huo. Anayepanda kwa njia za Machame, Lemosho au Umbwe hateremkii alikopandia, bali hushushwa kwa njia ya Mweka, ambayo kwa kawaida ni ya kushukia tu. Kwa hiyo kwa siku kadhaa kundi linatembea bila kukutana na mtu aliyetoka juu. Linaona kilele, linaona mawingu, lakini halina shahidi. Barafu, kwenye mita 4,670 hivi, ndipo wanaopanda na wanaoshuka wanapopishana kwa mara ya kwanza. Kwenye njia ya Marangu mambo ni tofauti: njia ni ileile kwenda na kurudi, na waliopandia Rongai nao huteremkia huko, kwa hiyo pale kambi ya Horombo habari za juu huingia kila siku pamoja na wachovu wake.

Wageni wengi hutegemea simu. Hufungua utabiri wa Moshi, huona nyuzi 25 na kijua kidogo, hutabasamu. Lakini Moshi iko kwenye mita 800 hivi kutoka usawa wa bahari, na Uhuru iko 5,895. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila mita 1,000 za kupanda. Tofauti ni mita 5,000 na ushee, yaani zaidi ya nyuzi 30. Kwa hesabu hiyo, nyuzi 25 za Moshi zinakuwa karibu 8 chini ya sifuri kileleni, na hapo upepo haujatiwa wala usiku haujaingia. Utabiri unaofaa ni ule unaotaja mwinuko, unaoonyesha kasi ya upepo kwenye mita 5,000 na kuendelea. Hata huo huonyesha mwelekeo tu. Kilimanjaro umesimama peke yake katikati ya tambarare na hujitengenezea mawingu yake: asubuhi kweupe, mchana ukungu umepanda kutoka msituni, jioni kweupe tena.

Majira nayo yana kanuni zake. Masika, Machi hadi Mei, huleta matope msituni na theluji juu. Vuli ya Novemba hufanya hivyohivyo kwa kiasi kidogo. Januari na Februari, na tena Juni hadi Oktoba, ndiyo miezi inayopendwa. Hata hivyo theluji inaweza kuanguka juu mwezi wowote, ndiyo maana suruali zinaendelea kukaguliwa hata mwezi Agosti.

Ila njia si ardhi peke yake. Mwili unaoipita nao una hali yake, na hapa maandalizi mengi huharibika mapema kabisa, siku ratiba inaponunuliwa. Ushauri wa kitabibu unaotumika sana unasema hivi: ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja bila kupandisha kitanda. Sasa ipime ratiba ya siku tano ya Marangu kwa kipimo hicho. Usiku wa kwanza Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, 3,720. Wa tatu kibanda cha Kibo, 4,720 hivi, na usiku huohuo safari ya kileleni inaanza. Kila siku mita elfu moja, kama ngazi ya ghorofa. Na hii ndiyo njia inayosifiwa kuwa rahisi kwa sababu ina vibanda vya mbao na vitanda! Anayelala Horombo siku mbili anajinunulia usiku mmoja wenye thamani kuliko koti lolote la duka.

Lemosho ya siku nane huenda kwa namna nyingine: kambi ya Shira 1 kwenye mita 3,500 hivi, Shira 2 karibu 3,850, kisha mchana watu wanapandishwa hadi Lava Tower, karibu 4,600, na kurudishwa kulala Barranco, chini ya 4,000. Wengi hulalamika kupandishwa bure. Si bure. Mwili umeonjeshwa hewa nyembamba kwa saa chache, ukarudishwa mahali unapoweza kulala na kujirekebisha. Baada ya hapo Karanga, kwenye kimo kilekile takriban. Huko ndiko maji ya mwisho ya uhakika kabla ya Barafu, kwa hiyo ya kupikia na kunywa juu hupandishwa na wapagazi kutoka bondeni.

Kila jioni mwongozaji makini hupita na kijikoba chake. Oksimita, ya kupima oksijeni ya damu, huwekwa kidoleni, lakini namba peke yake haimwambii mengi, maana vidole baridi huidanganya. Maswali ndiyo yenye uzito: kichwa kinauma? Umekula? Umetapika? Kisha kipimo ambacho hakihitaji betri: tembea kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Anayeyumba bila kulewa huenda ubongo wake umeanza kuvimba. Hapo hakuna mjadala wa kusubiri asubuhi. Anateremshwa usiku huohuo, kwa miguu yake akiweza, kwa machela ya gurudumu moja asipoweza. Vidonge vya asetazolamidi, vinavyojulikana zaidi kwa jina la Diamox, husaidia mwili kuzoea, lakini havina ruhusa ya kuchukua nafasi ya kushuka.

Kuna upande mmoja wa mlima ambako kukagua njia kulikuja kuwa suala la kitaifa. Western Breach ndiyo njia fupi na ya wima ya kuingia kwenye kreta kutoka magharibi. Januari 2006 mawe yaliporomoka juu ya kambi ya Arrow Glacier na kuua wapandaji, na serikali ikaifunga njia. Maelezo yaliyotolewa yalihusu baridi na maji. Maji huingia kwenye nyufa za mwamba, yakiganda hutanuka na kuupanua ufa. Zamani eneo lile lilikuwa limeganda mwaka mzima, barafu ikayashika mawe kama saruji. Barafu ya kudumu ilipoondoka, kuganda na kuyeyuka kukawa kwa kila siku, na mawe yakabaki yameegemea tu. Njia ilifunguliwa tena Desemba 2007. Wanaoipita huvaa kofia ngumu na huanza gizani, wawe wameshavuka sehemu mbaya kabla jua halijapata nguvu. Mwaka 2015 jiwe liliua mpandaji mwingine upande huohuo. Kwenye mteremko kama ule, swali la kama njia imefunguliwa au imefungwa halitoshi. Swali ni njia hiyo ikoje saa kumi alfajiri, na itakuwaje saa nne asubuhi.

Hesabu hiyohiyo, kwa hatari ndogo zaidi, ndiyo inayowatoa watu hemani Barafu karibu na saa sita usiku. Wageni hudhani ni kwa ajili ya kuwahi macheo. Macheo ni zawadi ya ziada. Usiku changarawe imeganda na inashika mguu. Jua likipanda inalegea, na kila hatua mbili mbele inarudisha moja nyuma. Kuna mita zaidi ya 1,200 za kupanda kwa saa sita hadi nane, na hakuna mwenye nguvu za kuzipanda mara mbili.

Kabla ya kutoka, chupa za maji hupinduliwa ndani ya begi, kifuniko chini, kwa sababu maji huanza kuganda kutoka juu na mdomo wa chupa ndio unaoziba kwanza. Mirija ya kunywea huganda mapema zaidi, kwa hiyo huachwa. Betri za tochi zimelala ndani ya begi la kulalia pamoja na mwenyewe. Mwongozaji makini hupita pia kwenye hema la wapagazi, ambao sheria inawawekea kikomo cha mzigo wa kilo 20 lakini haiwashonei koti, aone nani hana soksi kavu.

Kipande cha mwisho ndicho kinachoulizwa na wachache. Mtu aliyetoka Uhuru hana ratiba ya kupumzika. Siku hiyohiyo anashuka hadi kambi ya Mweka, karibu mita 3,100, yaani mita 2,800 kwa magoti yaliyokwisha kazi. Chini ya kambi ni msitu, ngazi za mbao, mizizi na tope linaloteleza, na kifundo cha mguu hugeuka pale kwa urahisi kuliko kule juu, kwa kuwa mtu ameshaanza kuwaza kuoga. Wanaopitia huko wote wanaelekea chini, hakuna anayerudi Barafu kusimulia. Kwa hiyo jioni, baada ya kumaliza na suruali za watu, mwongozaji hutafuta mwamba wenye mtandao, hupiga simu kwa mwenzake aliyetoka geti la Mweka jana, na kuuliza kama mvua imenyesha msituni.