Rangi Isiyopenda Haraka

Ukitaka kumjua fundi wa rangi wa Butembo, mashariki mwa Kongo, usimpe ukuta mweupe. Mpe sebule, umwambie aipake ile rangi iliyokoza, iliyo kati ya buluu na kijani. Nyeupe inasitiri mengi. Hii inaanika kila tundu la msumari, kila kovu la mwiko na kila mahali rola ilipokwama.

Kopo lenyewe limesafiri. Bidhaa nyingi za madukani Butembo hupitia Kampala na mpaka wa Kasindi. Nguvu ya rangi za namna hii kwa kawaida hutoka kwenye kemikali ya rangi iitwayo fithalosianini, iliyojitokeza kwa bahati mwaka 1928 katika kiwanda cha Grangemouth, Uskoti, mafundi walipokuta uchafu wa buluu chomboni. Ile inayotumika zaidi hubeba atomi moja ya shaba katikati ya kila molekuli: shaba, madini yaliyoipa Katanga yetu jina duniani.

Lakini kopo halipaki ukuta. Lipu mpya ya saruji ina unyevu na magadi. Fundi mwema huiacha karibu mwezi mzima, na msimu wa mvua huongeza siku. Akikimbizwa, chumvi itachomoza na rangi itabanduka vipande vipande. Lipu ikikauka, anaziba nyufa kwa mastiki, anapiga msasa, kisha anashika taa ubavuni mwa ukuta ili vivuli vimwonyeshe vinundu ambavyo mchana ulivificha. Anapangusa vumbi, anapaka rangi ya msingi. Ndipo mkono wa kwanza unapoanza.

Hapo mwenye nyumba huingia na wasiwasi.

“Fundi, mbona hii rangi iko nyeupe-nyeupe?”

“Ngoja ikauke, Mama.”

Ni kweli. Gundi ya rangi ya maji huwa kama maziwa ikiwa mbichi. Ikikauka inakuwa angavu, na rangi inakoza.

Mpeleke fundi huyo Beni, mwendo wa kilomita hamsini na kitu, naye atabadili mkono. Butembo iko juu ya mita 1,700, na ubaridi wake unampa nafasi ya kurudia alipopita. Beni iko chini, kuna joto. Ukingo wa rangi hukauka kabla rola haijarudi, na mistari hubaki. Kwa hiyo hamalizi nusu ya ukuta akaenda kula. Akianza kona hii, anafika kona ile.

Tena anauliza dirisha linatazama wapi na usiku mnawasha taa gani, kwa maana rangi hii chini ya balbu nyeupe hupoa, chini ya balbu ya manjano huegemea kijani. Chumba kikiwa na giza, atashauri ukuta mmoja tu, ule wa nyuma ya viti vya mbao ya libuyu, kwa kuwa wekundu wa mbao hiyo huiamsha rangi hii. Kuta nyingine zibaki nyeupe.

Beni imezika watu wengi tangu mauaji ya raia yalipoanza mwaka 2014, na familia nyingi zimehama zaidi ya mara moja. Anayeita fundi wa rangi katika mji huo ameamua kukaa. Basi asimharakishe, na siku ya malipo asihesabu makopo peke yake. Siku za kungoja nazo zilikuwa kazi.