Pongezi kwa Vijana wa Kanuni na Udi
Hongereni, wanangu wa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, Zanzibar. Chuo hicho kilianzishwa 2002, kikifundisha taarabu, kidumbaki na ngoma, na wengi wetu huwasikia vijana wake siku wimbo umekwisha kuiva. Mimi nataka kusifu yale ya kabla.

Kanuni, ala ya nyuzi, ina nyuzi zaidi ya 70, nyingi zikipangwa tatu tatu kwa sauti moja. Kabla ya kupiga chochote kijana huinama, akakaza na kulegeza kwa ufunguo, uzi baada ya uzi. Hewa ya pwani ikibadilika, anaanza upya. Udi, nao ala ya nyuzi, hauna vituo shingoni: kidole kikiteleza kidogo tu, maqam, yaani mpangilio wa sauti za wimbo, imeharibika. Sikio ndilo linalofundishwa, na sikio halifundishiki kwa wiki mbili. Wenzao wako bustani ya Forodhani wanapunga upepo. Wanafunzi hawa wanarudia kipande kilekile, ncha za vidole zikiwauma. Wapo wanaoulizwa nyumbani kama muziki ni kazi. Ni kazi, tena ngumu. Bashrafu, kipande cha ufunguzi kisicho na maneno, ikianza na fidla zikaingia pamoja, naisikia kazi hiyo yote, hata zile jioni walizozikosa.