Tamthilia za UKIMWI Darasani: Kutoka Ujumbe hadi Stadi

Tamthilia mbili zihusuzo UKIMWI zimesomwa sana katika shule za sekondari za Tanzania. Ya kwanza ni Kilio Chetu ya Medical Aid Foundation, iliyotolewa mwaka 1995. Ya pili ni Orodha ya Steve Reynolds, iliyotolewa mwaka 2006. Mwanafunzi aghalabu huulizwa dhamira zake, naye hujibu bila taabu: malezi mabaya, umuhimu wa elimu ya jinsia, madhara ya tamaa. Majibu hayo ni sahihi. Lakini je, haiwezekani kijana akapata alama zote, na bado akakosa neno la kusema siku atakaposhawishiwa? Makala hii yashikilia kwamba yawezekana, na kwamba sehemu kubwa ya kosa imo katika namna tunavyozisoma kazi hizi.

Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza stadi za maisha kuwa ni uwezo wa kukabiliana na mahitaji na matatizo ya kila siku: kujitambua, kufanya uamuzi, kuwasiliana, kuhimili hisia. Yafaa ieleweke kwamba stadi si habari. Mtu hajui kuogelea kwa kuwa amesoma juu ya maji. Jambo hili lilidhihirika mkoani Mwanza, ambako mradi wa MEMA kwa Vijana ulifundisha afya ya uzazi katika shule za msingi. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2007, yalionyesha kwamba maarifa ya vijana yaliongezeka, lakini hapakuonekana upungufu thabiti wa maambukizo ya VVU. Kujua kulikuwapo, kutenda kulihitaji zaidi ya kujua.

Tukiwa na jambo hilo akilini, na tuitazame Kilio Chetu. Mama Suzi huzungumza na bintiye waziwazi. Wazazi wengine huona mazungumzo ya namna hiyo ni kinyume cha mila. Suzi anaokoka, Anna anapata mimba na maambukizo, Joti, mpenzi wake, anakufa. Nguvu ya tamthilia hii ni kwamba inawashtaki wazazi, si watoto peke yao. Udhaifu wake ni wepesi wa mizani: aliyeambiwa amepona, asiyeambiwa ameangamia. Msomaji aweza kudhani kuwa neno la mama likishasemwa, kazi imekwisha.

Orodha inakwenda hatua nyingine. Furaha amekufa na kuacha barua, na wanaume waliohusiana naye, baadhi yao watu wa heshima, wanatetemeka wakidhani majina yao yameorodheshwa. Barua inaposomwa haina jina la mtu. Imetaja mambo ambayo yangaliweza kumkinga. Hapa kuna hatari kwa mwalimu. Orodha ya maadili ni kitu kinachopendwa na mitihani, kwa sababu hukaririwa upesi. Lakini fundisho zito zaidi limo katika hofu ya wale wanaume. Latuonyesha kwamba msichana hakabiliani na tamaa yake tu, bali na umri, fedha na hadhi za wengine. Kumwambia awe na msimamo, bila kumfundisha aseme nini na amwendee nani, ni kumtwika mzigo wa wakubwa.

Utamaduni wetu haukuwa mgeni katika kazi hii. Katika jando na unyago mafunzo hayakuandikwa ubaoni. Yaliimbwa, yakachezwa, yakaigizwa, na mwali akarudia mpaka mwili na ulimi vikazoea. Si kila kilichofundishwa huko chafaa kuhifadhiwa. Mara nyingi msichana alifundishwa kumridhisha mume kuliko kujilinda. Hata hivyo, njia yenyewe ilitambua ukweli ambao vitabu vyetu husahau: ulimi nao hufunzwa.

Hapana budi pia kutaja wakati. Kilio Chetu iliandikwa wakati ambapo wengi nchini hawakuwa na tiba. Tangu mwaka 2004 dawa za kupunguza makali ya VVU zimetolewa bila malipo nchini Tanzania, na leo twajua kwamba mtu anayezitumia vizuri mpaka virusi visionekane kwa vipimo hawaambukizi wengine kwa kujamiiana. Katika darasa lolote aweza kuwapo mwanafunzi aliyezaliwa na VVU. Mwalimu akifundisha kwamba maambukizo na kifo ni kitu kimoja, anamwambia mtoto huyo kwamba yeye ni maiti anayengoja siku. Mwalimu na aisome tamthilia pamoja na tarehe yake.

Basi tufanye nini? Tamthilia imeandikwa ili iigizwe. Kabla ya kuuliza dhamira, mwalimu awape wanafunzi tukio la ushawishi, alisimamishe katikati, na awatake waseme maneno ambayo mhusika hakuyapata. Mmoja ajibu, mwingine ambane, wa tatu ajaribu tena. Wavulana nao wazoee kusikia neno hapana na kuliheshimu. Kisha darasa litaje mtu mzima wa kweli anayeweza kuendewa. Hapo ndipo kitabu kitakapokuwa stadi. Vinginevyo tutaendelea kuwapa vijana alama nzuri kwa kukieleza kilio ambacho hatujawafundisha namna ya kukizuia.